Vichwa vya kamba vyajisaga vyenyewe: mbona pipa moja latoa supu ya protini na jingine laoza?

1. Mwana wa Jomvu

Salaam wakuu. Nina jambo nimelizungusha Liwatoni, bandari ya wavuvi hapa Mombasa, nimelizungusha kwa jamaa wa chuo, na kila mmoja anipa jibu lake.

Kuna kina mama wanaomenya kamba kwa kibarua. Mwili waenda hotelini, vichwa na maganda hubaki kwenye karai. Kichwa peke yake ni kama thuluthi ya uzito wa kamba au zaidi. Ukiongeza na ganda la mwili unakaribia nusu. Mali yote hiyo humwagwa baharini au hupakiwa mkokoteni kwenda jaani. Mimi huichukua. Naisaga kwa mashine ya nyama, naongeza maji kiasi cha nusu ya uzito wake, natia kwenye pipa dogo la chuma kisichoshika kutu, na pipa nalitumbukiza ndani ya maji ya nyuzi 50 juu ya jiko. Sitii dawa yoyote, nakoroga tu. Baada ya saa tatu au nne ule uji mzito huwa umelegea, maji yamekuwa ya rangi ya machungwa na yanukia supu ya kamba. Hapo nauchemsha hadi nyuzi 90, nauchuja kwa kitambaa cha melimeli. Maji yale nayachanganya na pumba za mahindi, naanika, na kuku wanayapigania.

Sasa tatizo. Kuna pipa linalotoka namna hiyo, na kuna pipa, kwa moto ule ule na maji yale yale, linalotoka povu, rangi ya kijivu na amonia ya kutoa machozi. Dai langu ni kwamba protini iliyomo kwenye taka hii haihitaji vimeng'enya (vile viini vya mwilini vya kusaga chakula) vya kununua, kamba anavyo vyake. Lakini basi kwa nini pipa moja lafaulu na jingine laoza? Nataka sababu, si pole.

2. Bi Mkubwa wa Kuze

Hao kamba walitoka majini saa ngapi? Anza hapo kwanza mwanangu, ndipo watu wakujibu.

3. Msomi wa Tudor

Swali zuri, na dai lako ni la kweli. Kamba hana ini mbali na kongosho mbali kama sisi. Ana tezi moja iliyo kichwani, ile laini ya hudhurungi ambayo ukiminya kichwa hutoka kama mafuta. Hiyo ndiyo hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula: tripsini, kimotripsini na wenzao. Kamba akiwa hai, vimeng'enya hivyo hukaa mahali pake. Akifa, kuta za seli hulegea, vikamwagika, na vikaanza kumsaga mwenyewe. Wanaouza samaki wanalijua hili bila kusoma kemia: kamba aliyeachwa na kichwa chake hulegea pale shingoni kabla ya kwingine kote.

Kimeng'enya cha aina hiyo ni mkasi. Hukata mnyororo mrefu wa protini ukawa vipande vifupi, na vipande vifupi huyeyuka majini, ndiyo hiyo supu yako. Mpaka hapo hakuna kilichooza. Kuoza ni kazi ya bakteria: wao huzichukua zile asidi amino, yaani vipande vidogo kabisa vya protini, zilizokwisha kukatwa, wakazila, wakatoa amonia na gesi nyingine za uvundo. Kwa hiyo ndani ya pipa lako kuna wawili wanaoshindania mali moja. Kwenye nyuzi 50 bakteria wengi hushindwa, lakini vimeng'enya vya kamba wetu wa joto huchapa kazi. Kwenye nyuzi 30, yaani joto la Mombasa la kawaida, bakteria wanafurahi sana. Pipa lililooza, mimi nasema lilikaa sana kwenye joto la katikati kabla ya kufika 50.

4. Fundi Baridi

Nafanya kazi ya majokofu Shimanzi. Msomi kasema kweli ila kaacha kitu. Uliza kama vichwa vilikuwa vimegandishwa. Barafu ikiganda ndani ya nyama hupasua seli, kwa hiyo ukiyeyusha, vimeng'enya hutoka na yale maji yanayochuruzika. Watu wetu wanafanya nini? Wanayeyusha kwenye kreti yenye matundu na maji yote yaenda kwenye mtaro. Huko Norway kuna kimeng'enya kilichoanza kuvunwa kutoka maji hayo hayo ya kuyeyusha kamba wa bahari ya baridi, na maabara duniani hununua kwa kazi za vinasaba. Sisi twakimwaga, kisha twauliza kwa nini pipa halifanyi kazi.

5. Mpishi wa Nyali

Au vichwa vilipitishwa maji ya moto jikoni kabla hujavipata. Hotelini wengine huchovya kamba mzima dakika moja ili ganda litoke upesi. Kichwa kikishabadilika kuwa chekundu, hicho kimepikwa. Usitegemee kijisage.

6. Mwana wa Jomvu

Ahsanteni. Najibu wote kwa pamoja.

Mpishi: hakuna chekundu hata kimoja, vyote vilikuwa vibichi vya kijivu. Fundi: havikugandishwa, vililazwa kwenye barafu tu.

Bi Mkubwa, hapa ndipo kichwa kinaniuma. Pipa lililooza ni la vichwa vya asubuhi, vilivyokaa kwenye barafu vizuri. Pipa lililotoa supu ni la vichwa vilivyokaa kwenye karai tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri, bila barafu. Kwa maelezo ya Msomi ilipasa iwe kinyume.

7. Bi Mkubwa wa Kuze

Vya asubuhi ya nani? Kamba wa jana akilazwa kwenye barafu huitwa wa leo. Nimeuza soko la Mji wa Kale nikiwa msichana, nayajua maneno ya sokoni. Usisikize mdomo, tazama kamba. Kichwa kikishikamana na mwili, ni wa leo. Kikining'inia na utando wa shingo umelegea, ni wa jana, hata akiwa baridi kiasi gani. Weusi ukianzia kichwani na miguuni, amekaa. Na harufu ya sikio la kichwa, pale pembeni penye mashavu, haidanganyi.

8. Msomi wa Tudor

Bi Mkubwa amesema kitu kikubwa. Niongeze tu kwamba ule weusi ni wa kimeng'enya kingine kabisa, si hiki cha kusaga. Ni cha jamii ile inayofanya tufaha lililokatwa liwe la kahawia. Weusi hauna maana kwamba kamba ameoza, lakini ni saa nzuri ya kukuambia muda umepita.

Na barafu hupunguza mwendo wa vimeng'enya na wa bakteria pia, haiui yeyote. Kuna bakteria wa baridi wanaoendelea polepole kwenye barafu siku kadhaa. Ukiwapeleka baadaye kwenye pipa wanaingia wakiwa jeshi.

9. Kijana wa Mtwapa

Mnazunguka tu. Tieni asidi ya fomiki, mambo yaishe. Matumbo ya samaki hutiwa asidi asilimia 2 au 3, pH, kile kipimo cha uchachu, ikashuka chini ya 4, bakteria wakafa na nyama ikayeyuka yenyewe bila moto. Njia hii inajulikana Ulaya ya kaskazini tangu zamani. Hata siki yafaa.

10. Msomi wa Tudor

Kwa matumbo ya samaki, naam. Kwa kamba, la. Tumbo la samaki lina pepsini, na pepsini hupenda asidi. Kamba hana. Vimeng'enya vyake vikuu hufanya kazi karibu na pH 7 au 8, na tripsini yake huharibika kwenye asidi kali. Ukimpeleka chini ya 4 umewazuia bakteria lakini umezuia na mkasi.

Halafu kuna ganda. Ganda la kamba limejaa kalisi kaboneti, kitu kile kile cha chokaa na matumbawe. Ukitia asidi inachemka povu, gesi yatoka, na asidi yako imeliwa na ganda. Itakubidi utie nyingi mno kuliko kwa samaki. Siki ya dukani ya asilimia 5 kwa kazi hii ni kumwaga pesa.

11. Kijana wa Mtwapa

Mimi nimeona kwa macho yangu vichwa vya kamba vilivyotiwa molasi, vikakaa wiki kadhaa kwenye mtungi na havikunuka uvundo. pH ilikuwa chini. Sasa hiyo waieleza vipi ndugu yangu?

12. Mama Maziwa

Hiyo naieleza mimi, maana ni kazi yangu. Umemtia sukari bakteria wa maziwa lala. Anakula molasi, anatoa asidi ya laktiki kidogo kidogo, saa baada ya saa. Haimwagwi yote mara moja kama siki, kwa hiyo vimeng'enya vya kamba vinapata nafasi ya kufanya kazi mwanzoni wakati pH bado iko juu, kisha pH inashuka kulinda kilichopatikana. Na ganda nalo hupunguzwa chokaa. Lakini sukari iwe ya kutosha, na mbegu ya bakteria iwe hai. Ukibania molasi, ganda hula asidi yote na bakteria wabaya hurudi.

Kwa hiyo Kijana na Msomi nyote mmesema kweli, mnazungumzia mapipa mawili tofauti.

13. Kijana wa Mtwapa

Mama Maziwa nakupa kiti cha mbele. Msomi yeye abaki na kitabu chake 😄

14. Msomi wa Tudor

Kitabu hicho hicho ndicho kina molasi, ukurasa wa mbele kidogo. Endeleeni.

15. Nahodha wa Ungwana

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja bahari. Nyinyi mnaanza hesabu kwenye karai, kamba alianza kabla ya karai.

Kamba wengi wa pwani yetu hutoka upande wa ghuba ya Ungwana, pale Tana na Sabaki zinapomwaga matope. Masika mito ikishuka na maji ya udongo, kamba huwa wengi na walioshiba. Kamba aliyeshiba, ukimkata kichwa, lile tezi limejaa na limevimba. Mwenye njaa, limesinyaa. Tena kamba huvua ganda. Akikaribia kuvua haendi kula, na akishavua ni laini kama kidole cha mtoto mchanga. Sisi wavuvi twaona kwamba kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kamba walaini huwa wengi kuliko kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Sasa mtu anachukua vichwa vya bamvua na vya maji mafu, anatia moto mmoja, anataka supu moja? Haiwezekani.

Pipa lako lililofaulu lilikuwa mwezi gani, na mwezi wa angani ulikuwa na umri gani?

16. Mwana wa Jomvu

Nahodha umenifungua macho. Lililofaulu lilikuwa katikati ya masika. Lililooza ni baada ya kaskazi kuanza kupuliza. Umri wa mwezi sikuandika, na kuanzia sasa nitauandika.

Na hata aina walikuwa tofauti kidogo. Masika walikuwa karibu wote kamba weupe. Wale wa kaskazi walichanganyika na wale wakubwa wenye miraba.

17. Fundi Baridi

Basi hilo nalo ni jibu la nne. Tunahesabu: muda, barafu, shibe, aina.

18. Karani wa Mizani

Mimi nina la tano. Sulfaiti.

Kamba wa meli za kukokota nyavu mara nyingi huchovywa kwenye metabaisulfaiti ya sodiamu ili wasiwe weusi. Ni dawa ya kawaida duniani kote, na kamba anayesafirishwa nje hupimwa mabaki yake. Dawa hii hukaa zaidi kwenye ganda na kichwa kuliko kwenye nyama. Kama vichwa vyako vya pili vilitoka kwenye shehena iliyochovywa, umetia pipani dawa usiyoijua. Nadhani ndiyo iliyofunga vimeng'enya vyako.

19. Msomi wa Tudor

Karani, sulfaiti kazi yake ni kuzuia kile kimeng'enya cha weusi. Na pia huzuia bakteria. Kama vichwa vilikuwa na sulfaiti ya kutosha, ningetarajia pipa lisilooza, si pipa lililooza. Kwa hiyo hoja yako inasukuma upande wa pili.

20. Karani wa Mizani

Inazuia mpaka inapokwisha. Ikishatoka kwa maji ya kuoshea, bakteria hawana wa kuwazuia. Bado nasimama hapo. Na la muhimu zaidi: mtu anayelisha kuku aulize shehena ilichovywa nini, hata kama si sababu ya kuoza.

21. Fundi Vyuma Changamwe

Mimi ni mtu wa mabomba, sijui kemia. Ila nimetengeneza matangi ya moto miaka mingi. Unaposema nyuzi 50, ulipima wapi? Maji ya nje ya pipa au uji ulio ndani?

Uji mzito wa ganda haupitishi joto haraka. Nje 50, katikati 35. Pipa likiwa limejaa zaidi kidogo, au uji ukiwa mzito zaidi kidogo, katikati kunachukua saa nyingi kufika. Msomi aliligusa kule juu kisha akaliacha. Tia kipimajoto kirefu katikati kabisa, na utie pangaboi la kukoroga lisilosimama. Ukikoroga kwa mwiko unapumzika, pipa halipumziki.

22. Dada wa Mkomani

Fundi Vyuma namuunga mkono, na nina nyongeza inayopingana kidogo na hizo nyuzi 50 za kila mtu. Watafiti wa China waliojaribu vichwa vya kamba mweupe wa kufugwa, yule wa asili ya Marekani, hawakushika joto moja. Walianza nyuzi 40 wakapandisha 5 kila nusu saa mpaka 70. Sababu ni kwamba vimeng'enya vya kichwani si kimoja. Kila kimoja kina joto lake la kupenda, na ukipanda polepole unampa kila mmoja zamu yake. Kwa njia hiyo walipata zaidi ya asilimia 80 ya protini iliyokuwemo, bila kununua kimeng'enya chochote.

Lakini muangalie: ngazi hiyo yaanzia 40, na 40 ni joto la hatari kama vichwa si vibichi kabisa. Kwao ilikuwa maabara safi. Kwa karai la Liwatoni mimi ningeanzia 45 na kuharakisha.

23. Bi Mkubwa wa Kuze

Na kuku wakashiba kuliko watoto wetu. Zamani kichwa cha kamba hakikutupwa. Kilitwangwa na chumvi, kikakamuliwa kwa maji ya uvuguvugu, maji yale yakaingia kwenye tui la nazi. Ndiyo ladha ya wali wa kamba. Leo mtu anatia tembe ya duka na kichwa anatupa.

24. Mpishi wa Nyali

Bi Mkubwa hapo umegusa roho. Vichwa vikaange kwanza na kitunguu mpaka mafuta yawe mekundu, ndipo utie maji. Rangi ile haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ukichemsha tu na maji umeiacha kwenye ganda.

25. Msomi wa Tudor

Mpishi ndiye mkemia wa uzi huu. Rangi hiyo ni astazanthini. Kwenye kamba mbichi imeshikana na protini ndiyo maana huonekana ya kijivu au buluu. Joto likiiachanisha, huwa nyekundu. Kuku wakiila kiini cha yai hukolea. Kwa hiyo Mwana wa Jomvu, yale mafuta yanayoelea juu ya supu usiyaondoe.

26. Asha Mikindani

Samahani, mimi si wa kamba lakini lazima niseme. Mwanangu akila kamba midomo huvimba. Je, akila kuku aliyelishwa hii supu?

27. Dada wa Mkomani

Dada Asha, protini inayowadhuru wengi ni tropomayosini, ni ya misuli ya kamba na joto la kupikia haliimalizi. Kinachoogopesha zaidi kwako ni vumbi na mvuke wa kazi yenyewe. Mtoto asikae karibu na pipa wala na unga mkavu, na anayefanya kazi hii abadilishe nguo kabla ya kumbeba. Juu ya nyama ya kuku muulize daktari wake, usichukue jibu la mtandaoni.

28. Kijana wa Mtwapa

Na mabaki baada ya kuchuja? Ile ni protini pia, ile kaitini. Isagwe yote iwe chakula.

29. Msomi wa Tudor

Kaitini si protini, Kijana. Ni mnyororo wa sukari, ndugu wa selulosi ya miti, ila ina naitrojeni ndani yake. Na hapa kuna mtego mkubwa wa kibiashara. Maabara nyingi hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 na kukuambia protini ni kiasi hiki. Kaitini safi ina naitrojeni karibu asilimia 7. Kwa hiyo unga wa maganda matupu utaonekana una protini nyingi karatasini, na kuku hataipata. Ukinunua au kuuza unga wa kamba, uliza kama kaitini imetolewa kwenye hesabu.

30. Kijana wa Mtwapa

Lakini kaitini ndiyo yenye pesa, na iligunduliwa kwenye kamba hawa hawa.

31. Dada wa Mkomani

Iligunduliwa kwenye uyoga. Braconnot, Mfaransa, 1811. Kwa wadudu ilikuja baadaye.

Na pesa yake haiji bure. Kuitoa safi wanatumia asidi ya haidrokloriki kuondoa chokaa, na kostiki soda ya moto kuondoa protini. Kuigeuza iwe kaitosani inataka soda kali ya asilimia 40 na kuendelea. Faida ya kujisaga kwanza ni kwamba protini nyingi imetoka kwa upole na yaweza kuliwa. Njia ya soda huiharibu protini, na maji yake machafu utayapeleka wapi? Kwenye hori la Tudor? Mikoko imechoka. Ila protini iliyoshikana kabisa na kaitini haitoki kwa kujisaga peke yake, soda kidogo bado itahitajika mwishoni.

32. Karani wa Mizani

Makadirio yaliyochapishwa 2015 yalisema maganda ya kaa, kamba na kamba mawe duniani ni tani milioni 6 hadi 8 kila mwaka. Sehemu yetu ni tone, lakini tone hilo lanuka mtaani kwetu.

Sasa hesabu ya jikoni. Kilo 100 za vichwa vibichi, robo tatu au zaidi ni maji. Ukavu ni robo hivi, na karibu nusu ya ukavu ni protini. Basi una kilo 10, labda 12, na si zote zitatoka. Umeongeza maji kilo 50. Maji yote hayo uyakaushe kwa makaa? Makaa yatamla kuku kabla kuku hajala supu.

33. Mwana wa Jomvu

Karani, ndiyo maana sikaushi supu yenyewe. Naichanganya na pumba, jua la Jomvu linamaliza. Na maji nimeanza kuyapunguza, lakini yakipungua sana uji haukorogeki. Fundi Vyuma anajua.

34. Fundi Vyuma Changamwe

Najua. Weka bomba la jua, yale mapipa meusi juu ya paa yanayopasha maji ya kuogea. Siku ya kaskazi maji yake hupita 50 bila kijiti cha kiberiti. Moto wa jiko ubaki wa kazi ya mwisho tu, ile ya 90.

35. Mama Maziwa

Na hiyo ya 90 msiiruke kwa sababu ya makaa. Dakika 10 au 15 kamili. Bila hiyo vimeng'enya vinaendelea kukata mpaka supu iwe chungu, na vijidudu vya kuharisha vinabaki hai mkavipeleka bandani.

36. Mfugaji wa Bamburi

Nafuatilia tangu asubuhi. Nilinunua unga wa dagaa uliochanganywa mchanga mpaka nikachoka, kwa hiyo jambo hili lanihusu sana. Swali langu: kuku apewe kiasi gani?

37. Dada wa Mkomani

Anza kidogo, ndani ya chakula kilichokamilika, na ongeza ukitazama mavi na mayai. Supu iliyochujwa haina shida ya ganda. Shida ni chumvi kama vichwa vilioshwa kwa maji ya bahari, na harufu ya samaki kuhamia kwenye yai ukizidisha. Ukiwa na vifaranga, mabaki ya ganda usiwape.

38. Nahodha wa Ungwana

Mmenikwepa. Swali la shibe na mwezi halijajibiwa na mtu. Msomi?

39. Msomi wa Tudor

Sijakukwepa Nahodha. Ni kweli tezi hubadilika kwa lishe na kwa mzunguko wa kuvua ganda, na vimeng'enya vyake hupanda na kushuka. Ila pipa la Mwana wa Jomvu liliharibika kwa amonia. Vimeng'enya vichache vingetupa supu nyepesi na uji usiolegea. Amonia inataka bakteria. Kwa hiyo kamba mwenye njaa anaeleza nusu tu.

40. Nahodha wa Ungwana

Mkasi ukiwa mdogo, kazi huchukua muda, na muda huo ni wa nani? Ni wa bakteria. Nusu yako na nusu yangu ni kitu kimoja.

41. Fundi Baridi

Nahodha kapiga hapo.

Lakini bado barafu. Vichwa vya barafu viliingia pipani vikiwa na baridi ya nyuzi 2 au 3. Vile vya karai viliingia na 30. Kwa jiko lile lile, vya baridi vilichelewa kufika 50. Hiyo ndiyo siri ya ule ukinyume wake, na haihitaji mwezi.

42. Bi Mkubwa wa Kuze

Au vilikuwa vya jana.

43. Mwana wa Jomvu

Nimewasikia. Nitafanya hivi: karai moja la vichwa vya asubuhi moja, nigawe. Sehemu moja iingie pipani pale pale, ya pili ilale kwenye barafu hadi kesho yake, ya tatu ipashwe kwanza kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuingia pipani. Kipimajoto katikati. Nahodha, nitarudia maji mafu na bamvua. Karani, sitachukua shehena ya meli, nitachukua ya wavuvi wa mitumbwi. Chuo kikuu cha TUM hapo Tudor na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, pale Mkomani nitawauliza kama watanipimia naitrojeni bila kaitini.

44. Bi Mkubwa wa Kuze

Njoo Jumamosi kabla jua halijachomoza, nitakuonyesha karai la kuchukua. Njoo na barafu yako, yao usiitegemee.

45. Mgeni wa Likoni

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nina maganda ya kaa, mengi, kutoka kwa wanaochambua nyama ya kaa wa mikoko. Nimejaribu njia ya Mwana wa Jomvu na hakuna kilicholegea hata baada ya kutwa nzima. Kwa nini?

46. Mpishi wa Nyali

Kaa huchemshwa kabla ya kuchambuliwa. Vimeng'enya vyake vilikufa kwenye sufuria. Tazama jibu langu la 5.

47. Mama Maziwa

Basi Mgeni, chukua vichwa vibichi vya kamba, uvisage, uchanganye na maganda yako. Vya kamba vitawasagia na kaa. Kama chachu.

48. Msomi wa Tudor

Yawezekana, ila kiasi gani cha vichwa kwa kiasi gani cha kaa? Ganda la kaa lina chokaa nyingi zaidi na nyama iliyobaki ni kidogo. Mimi nasema nusu kwa nusu.

49. Nahodha wa Ungwana

Nusu kwa nusu ya kamba aliyeshiba. Wa njaa, tia zaidi.

50. Fundi Vyuma Changamwe

Na pipa kubwa zaidi. Mgeni, nitumie vipimo vya ulilonalo.